Krimu au Kijani, Chumba cha Mama Mkwe

Kwa miaka ishirini na sita alipaka rangi nyumba za watu, wakambandika jina la Matone kwa sababu ya viatu vyake vilivyojaa matone ya rangi, ambavyo hata yeye alishasahau vilinunuliwa vikiwa na rangi gani. Nyumbani kwake kuta zilikuwa chokaa tupu. Mkewe alisema weee, mpaka akanyamaza.

Mama mkwe alipohamia kwao, macho yake yakiwa yameanza kufifia, Matone aliona haya. Akasugua kuta za chumba cha pili kwa msasa, kisha akapaka mabaka mawili ya kujaribia, yakigusa fremu nyeupe ya mlango: krimu kushoto, kijani cha majani machanga kulia.

"Krimu," mkewe alisema, mikono kiunoni. "Kijani kitakifanya chumba kama kabati."

Matone naye aliipenda krimu. Wakamuuliza mama.

"Pakeni mnayotaka, wanangu. Mimi mgeni tu."

Neno hilo lilimchoma Matone. Hakufungua kopo. Aliyaacha mabaka siku tatu, ayatazame asubuhi na jioni, kama alivyowafanyia wateja wasumbufu.

Siku ya tatu alikuwa amechuchumaa pembeni akikwangua sakafu, mama akainuka kitandani kwenda nje. Alipofika mlangoni akanyoosha mikono yote miwili. Wa kulia ulikwenda moja kwa moja ukashika fremu. Wa kushoto ulipapasa ukuta, ukapita, ukarudi, na bega likagonga mbao, pu!

Matone akasimama. "Mama, fremu unaiona?"

"Upande huu naiona vizuri. Ule mwingine mlango unayeyukia ukutani, baba."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niwasumbue kwa bega?" Akalisugua, akicheka kidogo.

Matone alijua kulinganisha rangi na pazia, na kochi, hata na zulia. Na jicho la mtu, hakuwahi. Jioni hiyo chumba kizima kilikuwa kijani. Mkewe alichungulia, akaguna kwamba kweli kimekuwa kidogo, halafu akamwona mama yake akitoka na kuingia bila kupapasa, akaenda zake jikoni akijifuta macho kwa mkono wa gauni.

Mama akaketi kitandani, akageuza kichwa huku na huku.

"Baba," aliita, "ukimaliza hapa, kuna na mlango wa choo. Na wa jikoni. Na ule wa nje, usiuache."

Matone akampigia simu mteja wake wa Jumatatu, akamwomba asogeze kazi mpaka Alhamisi.