Neno Alilopewa Paka

Tarmuji alikuwa na sauti ya kusimamisha malori. Si masihara, ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ujana na utu uzima wake wote alilinda kivuko cha reli pale mji wa Kutoarjo unapoanzia, akishusha kizuizi treni inapokaribia na kuwakemea wenye pikipiki waliotaka kupenya chini yake. "Wewe! Mkeo amekuchoka?" angenguruma, na mtu angerudi nyuma amefyata mkia, pikipiki na yote. Hakuna aliyewahi kufa katika zamu yake. Alilisema hilo mara nyingi mno, nasi wa mtaa wa nyuma ya reli tulimkubalia, maana ni kweli.

Taabu ni kwamba sauti ile alirudi nayo nyumbani. Alirudi nayo pamoja na mitalawanda yake, vile viatu vya mbao, iliyolia ko, ko, ko kutoka kisimani mpaka ndani kwenye saruji. Wening, mtoto wake wa pekee, akiisikia tu alikuwa ameshaingia uvunguni mwa kitanda kabla baba hajafika kizingitini. Tarmuji hakuona ubaya. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na huyu alikuwa samaki wake. Akimhitaji alimwita jina zima, kama mwalimu anayesoma orodha ya wanafunzi: "Wening Lestari!" Mama mtu, Sulasmi, ndiye aliyemwita *nduk*. Mtaani kwetu nduk ni neno la kila siku. Kila baba na kila mama humwitia binti yake hata akimtuma chumvi, na halipungui kwa kutumiwa. Tarmuji peke yake ndiye aliyelibania.

Wening alikua, akaolewa Semarang, akawa anakuja kumwona mama yake. Nasema mama yake kwa sababu ndivyo alivyosema mwenyewe: "Nakuja kumwona Mama." Kisha Sulasmi akafariki. Binti akaja kwenye hitima ya arubaini, akaja kwenye ya siku mia, na kwenye ya mwaka, na kila mara alipika, akaosha vyombo, akamwamkia baba yake kwa adabu zote, kisha akabeba mkoba wake akaenda kulala kwa jirani, Bi Painem. Alisema kitanda cha Bi Painem kinamfaa mgongo. Mtaa mzima ulijua kwamba mgongo wake ni mzima.

Sasa ilikuwa imebaki hitima moja tu, ya siku elfu, na baada ya hiyo hakuna tena hitima ya kuwaita watu. Bi Painem, anayezunguka na chupa zake za dawa za mitishamba na hana dawa ya ulimi wake, alimwambia Tarmuji waziwazi.

"Baada ya hii atakuja kumwona nani? Ukuta?"

"Mimi si baba yake?"

"Sasa mbona unaniuliza mimi?"

Wakati huo panya walikuwa wameshatoboa gunia la mchele uliowekwa kwa ajili ya hitima. Basi Bi Painem akarudi na kikapu, na ndani ya kikapu paka mtoto, jike wa rangi tatu, mdogo hata kengele ya mbuzi ingemwelemea.

"Panya wanakula mchele wa marehemu nawe umekaa tu," alisema. "Huyu hapa. Rangi tatu, ana heri huyu."

"Mwache. Nitamfunza."

"Hilo ndilo ninaloliogopa."

Ko, ko, ko mara tatu, na paka akawa uvunguni. Tarmuji aliinama, akaingiza mkono, akamkamata shingoni na kumvuta, na paka akamchora mkono kutoka kifundoni mpaka karibu na kiwiko, kisha akajisokota mpaka kwenye pembe ya mbali. "Toka!" alinguruma Tarmuji. Sahani ikatikisika kabatini. Paka hakutoka siku hiyo, wala iliyofuata. Wali na dagaa aliowekewa viliisha, lakini vilikuwa vinaisha Tarmuji akiwa hayupo.

"Ulikuwa unamwita au unasimamisha treni?" Bi Painem alicheka mpaka akaegemea nguzo, alipoona mkono wa jirani yake. "Maskini, hata paka! Sikia, mzee mwenzangu. Ukali wa jicho washinda wembe, na wewe una jicho na wembe vyote viwili. Vua hayo madude ya miguuni. Kaa chini. Usimkodolee macho, mwangalie, kisha fumba macho polepole kama mwenye usingizi. Mtilie shati lako bovu uvunguni alale nalo, aijue harufu yako. Na usimguse. Aje mwenyewe."

"Nimbembeleze paka, mimi?"

"Basi bembeleza panya."

Tarmuji alifunga mlango na dirisha kwanza, watu wasimwone, kisha akavua mitalawanda na kulala kifudifudi sakafuni. Aliona haya hata mbele ya kabati. Aliweka dagaa mmoja kwenye kiganja, akageuza shavu juu ya mkeka, akatazama uvunguni. Giza, vumbi, macho mawili. Alifumba yake polepole alivyoagizwa. Alipoyafumbua, yale ya paka yalikuwa yameelekea upande mwingine, na ndipo yeye mwenyewe akatazama paka anakotazama, yaani chumbani, kutoka chini. Kutoka pale chumba hakikuwa na watu. Kilikuwa na miguu ya meza, miguu ya kiti, na hiyo mitalawanda yake miwili, imesimama pembeni imeelekezwa kitandani.

Sasa, kulikuwa na kisa kimoja ambacho Tarmuji alipenda kukisimulia harusini na misibani. Wening akiwa hajaanza shule alivunja kioo chekundu cha taa ya kazi ya baba yake, akajificha uvunguni kutwa nzima. Tarmuji alisimama kando ya kitanda akigonga mtalawanda mmoja sakafuni, ko, ko, akisema, "Nina zamu ya usiku, nina subira." Mtoto akajikojolea humo humo. Hapo ndipo wasikilizaji walipocheka, na Tarmuji akicheka kuliko wote. Wening aliwahi kukisikia kikisimuliwa kwenye harusi yake mwenyewe, na alitabasamu kama bibi harusi anavyotakiwa.

Tarmuji alilala pale chini akiitazama mitalawanda yake, na kwa mara ya kwanza kile kisa hakikuwa na kichekesho. Uso ulimwaka moto. Alinyanyuka, akaichukua, akaipeleka nyuma ya kisima, akarudi peku.

Kazi iliyofuata ilikuwa sauti. Hakuwa nayo ndogo. Alipojaribu kunong'ona ilikwaruza kama mlango wa bawaba kavu. "Pus, pus," aliita, na paka akarudi nyuma. Akajaribu "njoo," ikatoka kama amri. Siku nyingi alilala pale na dagaa wake, akapigwa na baridi ya saruji mbavuni, akaaibika, akarudi tena kesho yake. Hadi asubuhi moja, bila kufikiri, mdomo wake ukasema maneno ambayo chumba kile kiliyajua vizuri, maneno ya Sulasmi alipokuwa akipiga magoti hapo hapo baada ya mumewe kwenda zamu.

"Toka, nduk. Amekwenda. Toka, nduk."

Sauti ikawa ndogo yenyewe. Neno lile haliwezi kungurumwa, jaribu uone. Pua yenye unyevu ilimgusa ncha ya kidole, ikaondoka. Kesho yake dagaa alichukuliwa. Siku zikapita, ulimi mdogo wa msasa ukamlamba kiganja, na hatimaye paka akatoka uvunguni akiburuta lile shati bovu, akalala juu ya mguu wa mzee na kuanza kukoroma ile koroma yao ya raha. Tarmuji hakuthubutu kuusogeza mguu hata ulipokufa ganzi. Alifurahi, na furaha yenyewe ikamtia haya, akawa anaificha Bi Painem asiione, kama mtu anayeficha chupa ya pombe.

Wening alifika asubuhi ya siku ya hitima. Alimwamkia baba yake, akauliza afya, akaweka mkoba karibu na mlango na kuingia jikoni moja kwa moja kupika apem, vile vibibi vya mchele na tui ambavyo marehemu hapati hitima bila ya hivyo.

"Hii ndiyo ya mwisho, Baba," alisema akichekecha unga. "Tumshukuru Mungu, tumemfikisha Mama."

"Ya mwisho," Tarmuji alijibu. Alitaka kuongeza neno. Alikuwa amelipanga tangu juzi, kwamba nyumba ipo, kitanda kipo, aje na watoto wakati wa likizo. Badala yake alisogeza kuni mekoni.

Alasiri majirani walianza kuleta mikeka na mabirika ya chai. Kelele zilipoingia, paka akatoweka. Tarmuji alikwenda chumbani, akarudishia mlango nusu, akalala kifudifudi mahali pake, dagaa kiganjani. Macho mawili yalikuwa pembeni kabisa, kama siku ya kwanza.

"Nduk," aliita, kwa ile sauti aliyoipata uzeeni. "Njoo, nduk. Usiogope. Njoo kwa Baba."

"Abee, Baba!"

Sauti iliitika kutoka jikoni, upesi, na nyuma yake mbio. Wening alisukuma mlango, mikono imejaa unga, anahema. Uso wake ulikuwa umefunguka wote. Tarmuji hakuwahi kuuona hivyo ukielekezwa kwake. Mtu mzima, mama wa watoto, alikuwa amekimbia kama kigoli aliyetumwa chumvi.

"Umeniita?"

Angeweza kusema ndiyo. Ndiyo moja tu, na ingepita. Lakini paka naye alikuwa amelisikia jina lake. Alitoka uvunguni akijinyoosha mgongo, akapita mbele ya miguu ya Wening bila kumjali, akajisugua kwenye kiganja chenye dagaa.

Wening alimtazama paka. Alimtazama baba yake, shavu mkekani, peku, shati limepanda mgongoni. Uso ukajifunga taratibu.

"Kumbe unamwita paka."

"Namwita paka," alisema Tarmuji.

"Anaitika?"

"Mwanzo alikataa. Siku hizi anaitika."

Wening alijifuta unga kidole kimoja kimoja. "Mimi ningeitika siku ya kwanza, Baba."

Hakulisema kwa hasira. Afadhali lingekuwa la hasira. Kisha akanusa hewani, akasema apem zinaungua, akarudi jikoni.

Tarmuji alibaki amelala pale pale. Miaka yote alijiambia kwamba Mungu alimuumba hivyo, na sauti hiyo, na kwamba mtu wa reli hana upole wa kugawa. Sasa paka alikuwa ameketi mbele yake, shahidi mwenye masharubu. Aliweza. Alikuwa anaweza siku zote. Ni kwamba hakuwahi kumwona binti yake kuwa mtu anayestahili yeye alale sakafuni kwa ajili yake. Aibu ilimwingia mpaka kwenye mifupa, na safari hii hakuwa na mlango wa kuifungia.

Hatimaye aliinuka, akatembea peku hadi jikoni, akaketi chini kizingitini. Hakumtazama Wening machoni. Alitazama vidole vyake mwenyewe.

"Nduk," alisema.

Wening alimimina unga kikaangoni. Hakugeuka. Bi Painem, aliyekuwa akifuta majani ya migomba, alifungua mdomo kutoa mzaha, akaona, akaufunga. Wanaomjua watakwambia hilo halijatokea tena.

Tarmuji hakuita mara ya pili. Nje wageni walikuwa wameanza kupiga hodi, "Asalaam aleikum, mwenye nyumba!" na mwenye nyumba yuko chini kizingitini mwa jiko kama mwombaji. Watamkuta hivyo, basi wamkute. Wening alizigeuza apem zote, akazitoa, akamimina nyingine.

"Abee," alisema, akikiambia kikaango. Kisha akaongeza, "Wageni wako nje, Baba. Kawapokee."

Hitima ilisomwa, watu wakala, wakaondoka. Wening aliosha vyombo, akabeba mkoba wake aende kwa Bi Painem kama kawaida yake. Tarmuji alimsindikiza hadi mlangoni, paka akiwa nyuma ya kisigino chake. Hakumwomba abaki. Aliona hana haki hiyo.

Wening aliinama, akamtazama paka, akafumba macho polepole na kuyafumbua. Hakuna aliyemfundisha, mtu aliyeishi uvunguni anajua.

"Usimbadilishie jina," alisema. "Atachanganyikiwa. Nikija tena, ukiita, nitatoka nione unamwita nani."

Akavuka uwanja. Bi Painem anasema Tarmuji alibaki mlangoni kwa muda mrefu akisema peke yake, na alipomkaribia alisikia maneno mawili tu, anayarudia kwa sauti ndogo: "Nikija tena."