Mama Hanifa Achagua Historia

Manyara ilipofanywa mkoa na Babati ikawa makao makuu, ofisi zilianza kufunguliwa kila kukicha. Rahma, ambaye mji mzima ulimwita Mama Hanifa, alikuwa akiuza kanga na vitenge jirani na soko. Binti yake Hanifa alipomaliza sekondari, Rahma naye akajiandikisha chuo huria, asome shahada ya sanaa huku akiendelea na duka.

Baada ya mwaka wa kwanza alitakiwa kuchagua njia: utawala au historia. Mumewe, Sele, hakuona hata cha kufikiria.

"Chukua utawala. Mkoa mpya huu, watu wanatafutwa."

Rahma alikubaliana naye. Somo la utawala alikuwa amelifaulu vizuri, ingawa kila alipofungua kitabu chake usingizi ulimwelemea.

Kabla hajarudisha jibu chuoni, ilibaki kazi moja ya historia: amhoji mtu aliyehamia Babati. Akamwendea Mama Yohanes, mkulima wa kijiji cha Bonga, nje kidogo ya mji, mteja wake wa miaka mingi. Walikaa jikoni wakimenya maharage.

"Tulishuka kutoka Mbulu kwa miguu," alisema Mama Yohanes. "Mimi nilibeba kuku. Njiani akataga. Nikamwomba baba nilile lile yai, akakataa. Akasema huko tuendako hatuna hata kifaranga."

"Ukalifanyaje?"

"Nikalibeba nalo. Likavunjikia mkononi tukiwa tumeshauona mji. Nililia, mwanangu! Baba hakunigombeza. Alikaa chini, naye akalia."

Rahma alirudi nyumbani, mtaa wa Bagara mjini, taratibu. Miaka yote hiyo yeye alimjua mwanamke huyu kwa jambo moja tu, kwamba hapendi kanga zenye rangi ya kuwaka. Ni wangapi wengine aliowapimia vitambaa bila kujua wametoka wapi? Jioni ile alimwambia Sele kwamba atasoma historia.

"Historia utaila?"

"Tunakula duka, Baba Hanifa. Hii ni ya kwangu."

Sele alinuna. Rahma hakurudi nyuma. Ilimchukua miaka mingi kuliko alivyotarajia. Mtihani mmoja ulimwangusha, akalia chumbani, kisha akanawa uso akaurudia. Mitihani ilipokaribia, Sele mwenyewe ndiye aliyekaa dukani, akiwauzia wanawake vitenge bila kujua hata majina ya mitindo, nao wakimcheka.

Shahada aliipata. Kazi ya ofisini hakuipata, wala hakuiomba. Siku hizi, wanawake wa kijiji cha Sigino wakitoka kanisani Jumapili, humkuta Rahma akiwasubiri na kinasa sauti, ushungi wake umefungwa vizuri, nao humpisha kwenye benchi. Anaandika jinsi mama zao walivyohamia huko na kufyeka mashamba ya kwanza. Na mgeni akiuliza mwenye duka yuko wapi, Sele hujibu kwa sauti ya kusikika hadi duka la pili:

"Mke wangu? Yuko kazini. Ni mwanahistoria."