Wifi Yangu na Wembe wa Daktari

"Wembe huo hautagusa tumbo langu! Daktari mwenyewe ameandika usitumike!"

Ndivyo wifi yangu alivyomfokea muuguzi asubuhi ya kutolewa uvimbe tumboni. Muuguzi kasimama na wembe na sabuni, kama kuku aliyenyeshewa.

"Mama, hapa tunanyoa hivi siku zote."

"Najua! Nani anazifagia hizo nyembe?"

Kweli. Wifi ni mfagizi wa chumba cha upasuaji, mwaka wa kumi na tisa huu. Mwongozo wa upasuaji alioutunga daktari mkuu umetundikwa ukutani ndani ya kioo, na wifi ndiye anayeupangusa. Ameukariri kuliko sala zake: mgonjwa asinyolewe kwa wembe, wembe huchubua ngozi, kidonda hutunga usaha, ikibidi, itumike mashine ya kunyolea. Na kila siku ndoo yake ya taka imejaa nyembe. Wagonjwa waliorudi na vidonda vinavyonuka amewaona pia. Kwa hiyo usiniambie alikuwa na kiburi.

Nikamvuta sikio. "Wifi, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Daktari huyo ndiye atakayeshika kisu!"

"Situkani. Naogopa."

Daktari mkuu akaingia kuuliza kelele za nini. Wifi akamsomea maneno yake mwenyewe, neno kwa neno. Daktari akawaka.

"Mfagizi utanifundisha kazi?"

"Sikufundishi, baba. Nauliza tu, ulimwandikia nani?"

Nikajua tumekwisha, ataondoka na uvimbe utabaki. Lakini akautazama ule wembe kana kwamba ndiyo kwanza auone.

"Mashine iko wapi?"

Ilikuwa kabatini, ndani ya boksi, nailoni haijachanwa.

Saa mbili nzima za upasuaji nilikaa kwenye benchi la korido, kila mlango ukigonga nami nainuka. Kama ameuruka mstari wa wembe, mstari wa kuhesabu pamba zisisahaulike tumboni je? Na mkono wa mtu mwenye hasira hutulia?

Siku ya kutoa nyuzi, kidonda kilikuwa kikavu. Daktari alikuja mwenyewe, akafunga mlango.

"Mama, nina deni lako. Nilikufokea, na wewe ndiye uliyekuwa na haki. Samahani."

Wifi akajilaza vizuri kitandani.

"Nimekusamehe, baba. Haya, kata hizo nyuzi. Taratibu lakini, bado naogopa."