Sheria ya Salamu Niliitunga Mimi

Hapana, si shamba tuligombania. Na si bwana pia, musinichekeshe! Bwana gani, na haya meno yangu mawili? Mimi na Mama Salima tuliachana juu ya muchezo wa telefone.

Ndiyo, muchezo wa telefone! Na mukosefu ni mimi. Weye unayeniandikia, andika vile vile, usinitengenezee maneno. Sikusoma, lakini kinywa changu ninakijua, na ndicho kimeniharibia.

Mama Salima ni jirani yangu hapa Kasongo, uwa wa matete tu ndio unatugawa. Tangu tulipokuwa na watoto mugongoni, kila mchana tunacheza muchezo wa mashimo: ubao, mbegu, unagawa shimo kwa shimo, unakula za mwenzako. Na mimi ndiye ninashinda. Kila siku! Mutaa wote wananiita shampiyo.

Sasa sikilizeni namna nilivyokuwa ninashinda, musikie haya.

Nyumba yangu iko kando ya njia. Watu wanapita, wanasalimia. Na Mama Salima ana ugonjwa mumoja: hawezi kuacha salamu bila kuitika. Hata mbuzi ikilia, ataitika! Siku moja alikuwa amenibana vibaya, karibu anikulie mbegu zote. Mutu akapita, akasalimia, Mama Salima akaitika. Nikapiga mikono: "Eee! Umeitika? Umepoteza zamu! Ni sheria ya mababu."

Akanitazama. Akasema na ile sauti yake ya polepole, kama mutu anamwaga asali: "Ni vile? Basi cheza, dada."

Nikacheza. Miaka na miaka nikacheza vile.

Kisha mujukuu wangu Furaha akarudi toka Kindu na wenzake wa masomo. Alisomea ordinateri, zile kompyuta, na tangu pale anasemea mu pua, kama mutu wa mafua: "Koko, tunataka muchezo wenu wa mashimo uingie ndani ya telefone. Lakini hatuwezi kutengeneza kitu kama hatujaandika dokima, karatasi za mupango wote. Sheria zote, picha zote, mutu akifinya hapa nini inafika, akifinya pale nini inafika. Sasa tuambie sheria, weye shampiyo."

Nikamupa sheria za kweli, moja moja. Kisha ulimi ukaniwasha. Nikaongeza: "Na mwenye kuitika salamu, anapoteza zamu."

Nilikuwa ninacheka! Mutu mwenye macho angeona ninacheka! Yeye, kichwa chini, anaandika. Akapiga mustari na kalamu ya bic nyekundu. "Koko! Hii ni ya ajabu! Hakuna muchezo mwingine uko na hii!"

Pale ndipo ningesema, Furaha, futa, ni bongo, ni uongo wangu tu. Sikusema. Kichwa kilivimba.

Na maulizo yakaanza. "Koko, na wote wawili wakiitika pamoja?" Nikatunga. "Na mupita njia akisalimia mara mbili?" Nikatunga. "Na kama muchezaji ni bubu?" Mama wee! Hata ya bubu nilitunga! Ile dokima ikanona kama mbuzi wa harusi, na ni mimi nilikuwa ninaikulisha bongo.

Furaha na wenzake wakataka sauti za wapita njia za kutia ndani ya telefone. Hapo sasa! Nani mwingine kama si mimi? Nikawapa mama wa samaki: "Samaki ya Nyangwe, ingali inakutazama! Mama, jambo!" Nikawapa mwenye moto, mutu wa pikipiki aliyejaa mavumbi: "Mama, wa Kabambare wanakusalimia, lakini barabara ile, eeh, imenivunja kiuno!" Nikawapa hata sauti ya kumwambia mutu ameanguka. Hiyo ni yangu mwenyewe, na kicheko changu chote: "Umepoteza zamu! Kwa-kwa-kwa!"

Watoto wanalala chini juu ya kucheka. Nami nikasema, ngojeni, niwape moja ya mwisho. Nikakohoa. Nikapiga kengele ya kinga, ya baiskeli, na ulimi: kring, kring. "Wamama, mungali munapumua?"

Hiyo ni sauti ya Papa Salima, bwana wa Mama Salima. Alikuwa anasukuma kinga toka Kabambare na mawese, anapita hapa na jasho, anatuuliza vile. Na Mama Salima anamujibu: "Tunapumua, ongeza mwendo!"

Papa Salima amekufa. Matanga yote nililala chini na Mama Salima, mukeka mumoja. Na siku ile mbele ya telefone sikukumbuka mukeka. Nilisikia tu watoto wanasema: "Koko, iko sawa kabisa mutu muzima!"

Nina hasira! Na Furaha, aliyesoma mpaka Kindu na hakuuliza muzee mwingine hata mumoja. Na wale wanaokuja kuniuliza huku wanacheka. Lakini hasira mingi ni juu yangu mwenyewe. Nikipita mbele ya kioo ninataka kukitupia majivu.

Muchezo wa telefone ukawa tayari. Furaha akasema, dokima inaomba wachezaji wawili wanaoujua muchezo waujaribu. Akamuita nani kucheza nami? Mama Salima! Akaja na kitambaa chake kizuri, akaketi, akacheka vile mashimo yanaangaza.

Mama wa samaki akapita ndani ya telefone. Mama Salima akaitika, akapoteza zamu, akatikisa kichwa tu. Mwenye moto akapita. Akaitika, akapoteza.

Kisha: kring, kring. "Wamama, mungali munapumua?"

Mukono wake ukasimama. Akaitika, sauti ndogo: "Tunapumua, Papa Salima. Ongeza mwendo."

Na telefone ikapiga kelele na sauti yangu: "Umepoteza zamu! Kwa-kwa-kwa!"

Na mimi pale, mujinga huyu, na kinywa changu cha kweli, nikacheka pamoja nayo!

Mama Salima akaweka telefone chini. "Furaha, mutoto wangu, hii sheria ya salamu ulitoa wapi?"

"Iko ndani ya dokima, Mama. Koko alisema ni ya mababu."

Sasa Furaha ameifuta, na sauti zote pia. Hanisemeshi vizuri, kazi yote imerudi mwanzo. Mimi kila asubuhi ninasimama kwenye uwa: "Mama Salima, umeamka?" Ninasikia ufagio tu, fya, fya. Mama wa samaki anapita, anaitikwa. Mbuzi inalia, inaitikwa!

Weye unayenisikia, kama unapenda kutania, tania. Lakini ukiona mutu ameshika bic, anaandika utani wako kama kweli, mukamate mukono pale pale. Na sauti ya mufu wa mwenzako, usiiguse! Usiiguse kabisa!

Siku ile ya telefone, Mama Salima alisimama, akafunga kitambaa. Miaka yote nilizani ninamudanganya. Kumbe yeye alijua.

"Dada, tangu siku ya kwanza nilijua ni bongo," alisema. "Niliitika juu ya kuwa mutu anayepita anataka kuitikwa. Zamu nilikuachia tu. Sasa weye, toka leo, usinisalimie. Sitaitika."