Mkaa Uliochoka wa Mifereji ya Kariakoo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koleo na glavu, ingawa nilikuwa nimeajiriwa kama fundi sanifu wa maabara. Bosi wangu wa kwanza, Mhandisi wa Mifereji, alinipeleka moja kwa moja Kariakoo, akainua mfuniko wa zege, akaniambia nitazame. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Maji yalikuwa meusi, na juu yake utando wa oili uling'aa rangi rangi.

"Maji ya bomba yana wenyewe," alisema. "Haya hayana. Kuanzia leo mwenyewe ni wewe."

Ninyi vijana mnaoingia kwenye fani hii mnakuta vifaa vya kila aina. Sisi tulianza na mkaa. Haukuwa mkaa huu wa kupikia. Ulitokana na vifuu vya nazi vilivyochomwa kwa hewa kidogo, kisha vikapitishiwa mvuke mkali hadi kila punje ikawa na vitundu visivyohesabika. Tuliuita mkaa amilifu. Tuliujaza kwenye viroba vya wavu na kuvipanga ndani ya masanduku ya chuma mferejini. Mvua iliposhuka, maji yalileta zinki ya mabati, shaba ya breki, madini ya risasi na oili za gereji, na vyote vikanata kwenye kuta za vile vitundu. Maji yalipita, uchafu ukabaki. Lakini vitundu vikishajaa, mkaa umechoka, na hapo unakuwa na sumu kuliko hata maji yenyewe.

Wafanyabiashara hawakutupenda. Kila tulipoinua mfuniko, waliamini tunapima barabara ili wavunjiwe maduka. Aliyetushuku zaidi alikuwa Bwana Salim, mzee wa Kiarabu aliyeuza vitambaa mkabala na sanduku letu kubwa. Nilikuwa nikimwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye mikono yangu. Siku moja aliniuliza kwa nini viroba vyetu vinaondoka na pikapu isiyo na nembo. Nilimweleza kuwa ile ni gari ya mkandarasi, na kwamba mkaa uliochoka unakwenda kufukiwa dampo.

"Umewahi kufika huko dampo, binti yangu?" aliuliza.

Sikuwahi. Swali hilo likanikaa kichwani. Wakati huo Mhandisi alikuwa amehamishwa, na nafasi yake ikashikwa na Mkuu wa Kitengo, mtu wa maneno machache. Nilipomwomba nifuatane na pikapu safari moja tu, alinijibu kwamba kazi ya maabara iko maabara. Kuanzia hapo nikaanza kuwatazama watu kama Bwana Salim alivyonitazama mimi.

Jioni moja nilisimama Ilala kununua chips mayai. Jiko la yule kaka lilitoa harufu ya oili ya gari. Niliinama, nikaona punje nyeusi zilizopinda kama vipande vya kifuu, za saizi ileile ya zetu. Nilimuuliza mkaa anautoa wapi. Kwanza alidhani mimi ni bibi afya, akasema hajui. Nilipomwambia nami huwa nakula pale, alilegea. Kuna jamaa huja na pikapu, alisema. Mkaa wake ni wa bei chee na unawaka vizuri, ila una harufu. Nilimsihi auzime, nikachukua punje chache kwenye leso. Nilipozipima, risasi ilikuwamo. Nilikaa maabara nikiwafikiria wote waliokuwa wakipanga foleni pale na watoto wao.

Nilimpelekea Mkuu wa Kitengo majibu. Alisoma, akainuka, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

Hakuuliza nani amekula, wala ni majiko mangapi. Nikamjibu kwamba Bwana Salim anajua, na wenzake wa mtaa mzima. Haikuwa kweli, kwa hiyo nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja dukani kwake kuifanya iwe kweli.

Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akaniletea kiti. Pikapu ilipokuja tena, wenye maduka waliizunguka na kukataa katakata iondoke mpaka viroba vishushwe. Dereva aliishusha mizigo yote. Mkandarasi aliondolewa, mabwana afya wakapita kwenye majiko ya Ilala, naye Mkuu akatangaza kwamba alikuwa akimshuku mtu yule siku nyingi. Tangu hapo mkaa uliochoka tuliuchanganya na saruji na kufyatua matofali ya kujengea kingo za mifereji, mbele ya macho ya wafanyabiashara. Saruji huizuia risasi isitoke kirahisi, na tofali halipikii chakula.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kipi kinasafisha maji vizuri zaidi, mkaa, pumba za mpunga au udongo. Nawajibu waulize kwanza kitakwenda wapi kikishachoka, halafu wakifuate kwa macho yao.

Majuzi nilikutana na Mkuu pale Feri, naye amestaafu, sote tukinunua samaki. Tulisalimiana vizuri. Nikamuuliza kwa nini siku ile alifunga mlango na kuuliza nani mwingine anajua.

"Nilitaka kujua kama uko salama," alisema.

Huenda ni kweli. Nilimshukuru, nikachukua samaki wangu, nikasubiri atangulie ili nione anaelekea wapi, kisha nikaenda nyumbani kwa njia nyingine.