Sumarini Iliyooshwa kwa Sabuni

Ninyi mliokulia Kolwezi nchi ikiwa bado inaitwa Zaïre, najua hamjasahau baridi ya mwezi wa sita. Ukungu ulishuka mpaka kwenye majani, mabati yalidondosha maji kama yanalia, na sisi watoto tuliizunguka mbabula, jiko letu la bati, mikono juu ya makaa, migongo ikiganda. King'ora cha kiwanda kilipolia, baba zetu walitoka na kofia zao ngumu, na vumbi jekundu likawafuata mpaka barabara kubwa. Likizo kubwa ya shule iliangukia katika baridi hiyo hiyo. Kwa mtoto wa Manika, mtaa wetu, likizo ilikuwa na maana moja tu: kutoka nyumbani asubuhi na kurudi tumbo linapoita.

Na tulicheza jamani! Wavulana walikunja mituka ya waya, yenye usukani mrefu wa kuendeshea ukiwa umesimama, nayo ilikata kona kuliko magari ya kweli. Sisi wasichana tuliruka na kupiga makofi mpaka miguu inakuwa ya kijivu kwa vumbi. Tukirudi, bukari, ugali wetu, imekwisha kusongwa, na kando yake ndakala, dagaa za kukaanga, zinazotuangalia kwa macho makavu. Hakuna aliyeuliza kama kuna kitu kingine. Kitu kingine kilikuwa ni kulala.

Kaka yangu mkubwa aliitwa Kazadi. Mimi nilimwita yaya, kama ilivyotupasa kumwita ndugu mkubwa. Shuleni majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali, kwa hiyo kwa walimu alikuwa Kazadi na kwa marafiki alikuwa Kazadi. Lakini mama akikasirika alimwita Pierre, tena kwa sauti ya kanisani, na hapo tulijua mambo yameharibika. Alikuwa kijana mwenye mikono mitulivu. Angeweza kuchomoa mwiba mguuni mwako nawe bado unasubiri maumivu yaanze.

Sanduku lile lililetwa na tantini Mbombo, dada mdogo wa baba. Alifanya kazi kwa wageni fulani, na walipofunga mizigo kurudi kwao walimwachia mapazia, sufuria na sanduku moja la karatasi ngumu ambalo halijafunguliwa. Alifika nalo kichwani, akalitua mezani kama mtu anayeleta zawadi ya Noeli.

"Tantini, ni biskwi?" niliuliza.

"Mi sijui. Iko nyepesi sana, lakini inalia ndani."

Tulipolifungua, hapakuwa na biskuti. Palikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu, vimeshikana kwenye vijiti kama nyama iliyoganda kwenye mifupa ya samaki. Tantini alikiinua kimoja, akakinusa.

"Eee! Banakula plastiki?"

Lakini yaya Kazadi alikuwa ameshaiona picha iliyo juu ya kifuniko: chombo kirefu cheusi kinachopasua mawimbi, na maji meupe yanateremka ubavuni. Wenye Kiswahili cha vitabu husema nyambizi. Sisi tulisema sumarini, kwa sababu ndivyo Kifaransa kilivyotufikia. Katika nyumba yetu hapakuwa na mtu aliyewahi kuona bahari. Maji makubwa tuliyoyajua yalikuwa ya mto Lualaba. Yaya aliitazama picha ile muda mrefu, halafu akafunga kifuniko polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Sasa niwaambie kwa nini likizo ile haikuwa kama nyingine. Mama yetu alikuwa mtu wa Sandoa, mbali upande wa magharibi, na huko alikuwa na kaka, yomba wetu, mfanyabiashara wa mahindi na mihogo. Binti zake wote walikuwa wameolewa, na macho yake yalianza kumwacha. Alituma neno kwa dereva wa lori: anamuomba Kazadi akaishi kwake, asome huko, amsaidie dukani. Baba alimwambia mama, "Ni kaka yako na ni mutoto yako. Sema we." Mama akasema ndiyo. Yaya angeondoka kabla ya shule kufunguliwa.

Tangu siku ile hakumtukana mama wala hakumnunia waziwazi. Aliitika tu, "Ndiyo, mama," "Hapana, mama," basi. Mama akiingia, yeye anatoka. Mama akimwekea samaki mkubwa, yeye anamhamishia kwangu. Mimi nilikula, maana nilikuwa mtoto.

Basi alijizamisha katika sumarini. Alitandika gunia barazani, akavipanga vipande ili aunge sumarini ya picha ile, kwa kufuata michoro iliyokuwa sandukuni. Gundi ya ndani ya sanduku ilikuwa imekauka kuwa jiwe. Alijaribu ya kubandikia mipira ya baiskeli, ikashika siku moja na kuachia. Siku nyingine tantini alikuja na kuketi kusafisha rangi ya kucha. Tone la ile dawa ya kuondolea rangi likaangukia kijiti cha plastiki, na kijiti kikalainika kama sabuni ndani ya maji. Yaya aliruka. Alikatakata vijiti vilivyobaki, akaviyeyusha katika kichupa kwa dawa ile, akapata uji mzito wa kijivu. Ndiyo ikawa gundi yetu. Tantini alilalamika wiki nzima kwamba kucha zake zinaaibisha ukoo.

Kazi yangu mimi ilikuwa kushika. Nusu mbili za mwili zikigandishwa, nilizibana kwa vidole bila kupumua, huku yaya akiniambia, "Ngalula, usitikisike. Mi nitakuambia wakati ya kuachilia." Nilishika mpaka vidole vikafa ganzi. Watoto wangu leo ukiwaambia wasubiri rangi ikauke, wanakuuliza kama hakuna aplikesheni ya kuikausha. Mimi nilitamani gundi ile isikauke kamwe. Katika hesabu yangu ya kitoto, sumarini isiyokwisha ni safari isiyoanza.

Lakini iliendelea kukua. Mnara ukasimama, mapezi yakapata nafasi yake, periskopu nyembamba kama kijiti cha kiberiti ikachungulia, na nyuma zikakaa panga mbili ndogo za kusukumia maji. Nilidhani imekwisha. Yaya akatikisa kichwa.

"Hii ni mupya sana. Inafanana na kitu yenye haiyafika fasi hata moja."

Ndipo, ili ionekane imetembea bahari zote, akaanza kazi iliyotushangaza wote, kazi ya kuizeesha. Alinipeleka karibu na stesheni tuangalie mabehewa ya zamani: jinsi kutu inavyoanzia kwenye msumari na kushuka kama chozi, jinsi rangi inavyopauka upande wa jua. Alikwangua kutu kwenye bati chakavu, akaichanganya na petroli. Alichukua masizi ya sufuria. Alichukua pemba, ule udongo mweupe, uwe chumvi ya bahari. Baba, aliyefanya kazi kiwandani Mutoshi, alikuwa ametuletea zamani jiwe la kijani la shaba. Yaya alilisaga ukingoni, akapaka unga wake kwenye zile panga mbili, nazo zikaonekana zimekaa majini tangu enzi za babu. Alipaka kwa unyoya wa kuku, akafuta kwa kitambaa, daima kutoka juu kwenda chini. Wiki ile yote aliongea kwa minong'ono, kama tuko kanisani.

Mwishoni sumarini ilikuwa chafu kweli, na ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilikuwa naingia barazani kwa ncha za vidole. Aliiweka dirishani ikauke, tukaenda kuteka maji.

Tuliporudi, mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina mapovu, uso umefunguka kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu lile neno la yomba lifike. Aliishika sumarini juu. Ilikuwa inametameta kwa usafi, kama sahani ya harusi.

"Kazadi, kuya! Angalia vile inangaa!"

Ndoo ilimtoka yaya mkononi. Maji yakatufikia miguuni.

"Nani alikosha? Mama, nani alikosha hii kitu?"

"Ni mi. Ilikuwa buchafu. Utaenda nayo kwa yomba vile? Batasema mama yako iko muvivu."

"Haikuwa buchafu! Ilikuwa kazi! Mi nilifanya na mikono yangu!" Sauti yake ilipasuka katikati, kama sauti za vijana wa umri ule. "Unanitoa mu nyumba, na sasa unatoa hata kazi yangu!"

Nilisubiri aitwe Pierre. Nilisubiri hata kofi, maana zama zetu mtoto hakupandisha sauti kwa mama yake akabaki salama. Mama alimtazama, akaitazama sumarini, akafuta mapovu kwenye kitenge chake. Yaya aligeukia ukuta. Nami, Mungu anajua, ndani ya huruma yangu palikuwa na furaha ndogo: itabidi tuanze upya, na safari isubiri.

Mama alivuta kiti kifupi cha jikoni, akakaa kando ya gunia letu.

"Lete ile bitu yako," alisema. "Buchafu, mi naijua kupita bantu bote. Miaka yote napigana nayo."

Yaya hakusogea. Nikaleta mimi kichupa cha kutu, masizi, pemba na unyoya. Mama alichovya, akapaka, akapaka vibaya. Tone kubwa liliteleza mpaka kwenye mapezi. Akafuta, akaanza tena. Alikuwa mwanamke wa kusugua sakafu kwa nguvu zote, na sasa vidole vyake vilitafuta wepesi visiupate.

"Maji inashukia wapi?" aliuliza.

Alichovya tena unyoya.

"Kazadi, mi nauliza. Ikitoka mu maji, ile maji inashukia wapi?"

Yaya alijibu akiwa bado ameelekea ukuta. "Mu ile matundu ya pembeni."

"Basi kutu itafuata palepale. Kama chini ya dirisha ya jikoni." Akapaka tena, na safari hii mstari ulishuka mwembamba, ukapotea wenyewe chini. Halafu, bila kuinua macho, alisema, "Wakati mama yetu alikufa, mi nilikuwa sijui hata kufunga kitambaa. Ni yomba yako alinibeba ku mugongo. Kwenda ku shamba, ku mugongo. Kwenda ku misa, ku mugongo. Bantu balimucheka, mwanaume na mutoto ku mugongo. Hakunishusha. Leo ni yee haone njia. Mi nimutumie nani? Niko na mutoto gani mwingine mwenye mikono kama ya wewe?"

Yaya aligeuka, akaja, akapiga magoti kwenye gunia.

"Hapa, mama, weka kidogo tu. Paka kidogo. Tufute kabla haiyakauka."

Baba aliporudi kazini alitukuta watu watatu wenye kutu mpaka viwikoni, mama ana masizi puani. Alisimama na kofia mkononi. "Kumbe mi natoka mu kiwanda, na kiwanda iko inaningojea ku nyumba!" Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza. Kesho yake mama alipika wanga wa muhogo, uleule aliowekea kola ya abakosi la baba, suti ya heshima ya enzi ile, akauzimua sana na kuipaka sumarini nzima, ili ule uchafu wetu ushike usitoke. Nadhani ndiyo sumarini pekee duniani iliyopigwa wanga kama shati la Jumapili.

Yaya aliondoka kwa lori asubuhi ya baridi, sumarini imefungwa ndani ya kitenge cha mama, ameipakata. Mama alikimbia kando ya lori akimwambia ale, awe anakula. Vumbi lilipotua alikuwa bado amesimama, na mimi nilimshika sketi.

Aliporudi likizo iliyofuata alikuwa mrefu kuliko baba, anaongea Kirund, lugha ya Sandoa, na mama, wakicheka mambo nisiyoyaelewa. Nilimuuliza habari za sumarini. Akasema wajukuu wa yomba waliipeleka mtoni, ikazama sawasawa kama ya kweli, ila ilikataa kuibuka. Alisema hivyo akicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya jikoni nikalia peke yangu, na sikulilia plastiki. Yomba alipofariki, yaya alibaki na duka, akaoa hukohuko, akazaa. Hakulala tena nyumbani kwetu ila kama mgeni, na mgeni unamtandikia shuka nzuri.

Siku hizi mambo ni rahisi. Kila Jumapili baada ya misa, mwanangu anamshikia bibi yake simu, na yaya Kazadi anatokea humo na mvi zake na miwani, nyuma yake magunia ya mahindi. Mama anapaza sauti kana kwamba Sandoa ni ng'ambo ya barabara, "Ulikula?" Wajukuu wanaangua kicheko. Wanaona ni ajabu kumuuliza mzee mwenye duka zima la chakula kama amekula. Halafu mtandao unakatika, uso wa yaya unabaki umeganda, mdomo wazi, na watoto wanarudi kila mmoja kwenye kona yake na kioo cha simu yake. Nyumba imejaa watu, nami naweza kusikia saa ya ukutani.

Siwalaumu. Wana vitu ambavyo sisi hatukuviota, na hawajawahi kuota moto wa mbabula moja pamoja na nyumba nzima. Ila baridi ya mwezi wa sita ikishuka Manika, huwa nakaa barazani na shali yangu, nami namwonea wivu msichana mmoja mdogo wa zamani, yule niliyekuwa mimi. Alikuwa hajui kitu. Alidhani watu wa nyumbani ni kama kuta, wapo tu. Jioni ilipoingia, mama yake alifunga mlango kwa komeo, akahesabu vichwa kwa macho, na hakuna aliyepungua.