Bahasha Chini ya Meza

Mwalimu Eddah Chepkosgei hajui fizikia hata chembe, na hafichi. Alipokuwa kidato cha tatu kule Silibwet, mwalimu wake wa fizikia aliondoka katikati ya somo la mwanga akaenda kuuza bima, na hakuletwa mwingine. Eddah aliyetaka kuwa daktari akaishia kufundisha dini. Miaka thelathini baadaye bado anamwombea yule bwana, ila si maombi ya kumtakia mema.

Siku hizi ni mwalimu mkuu wa shule ndogo ya kutwa karibu na Kiptere, na walimu wa fizikia wanamponyoka mkononi kama sabuni. Mmoja alikaa muhula mmoja. Mwingine alikaa mpaka saa ya chai. Mwaka huu watahiniwa wa fizikia ni kumi na tisa, na bodi ilishamwambia wazi kwamba mwalimu akikosekana tena somo linafutwa.

Kwa hiyo alipompata Muturi mjini Kericho, kijana mwenye shahada na tai, alimleta kwa uangalifu kama anayebeba mayai. Lakini Eddah haingizi mgeni darasani hivi hivi. Kila alasiri, kwa wiki mbili, mwalimu mpya hupelekwa kituo cha kupimia majani ya chai, pale akina mama wanaposubiri lori la kiwanda, ambalo halijawahi kuja kwa wakati. Hapo anafundisha. Wakielewa, amefuzu. Wakisinzia, anarudia kesho. Mama aliyechuma chai tangu alfajiri, Eddah husema, hana nguvu za kujifanya ameelewa.

Muturi alianza na nyenzo, kwa Kiingereza kirefu. Mama mmoja akaanza kukoroma. Ndipo mwanamke kijana aliyeketi nyuma, Chepkurui, mke wa mtu wa pale, akasimama.

"Mwalimu, hebu kidogo," alisema.

Akaokota mti mrefu, akaulaza juu ya jiwe, akaweka kikapu kilichojaa upande mmoja karibu na jiwe, na kitupu upande wa pili, mbali. Kisha akabonyeza upande wa kile kitupu kwa kidole kimoja, na kile kizito kikainuka. Akina mama wakaelewa papo hapo, na yule wa kukoroma akataka kujaribu.

"Umeona, Muturi?" Eddah alisema. "Huyo ndiye mwanafunzi."

Ikawa hivyo kila siku. Muturi akikwama, Chepkurui anamnasua. Ijumaa ya pili Muturi akafuzu, na Jumatatu akapata barua ya ajira ya serikali, Kwale. Alikuwa na adabu, aliaga.

Eddah alikwenda kituoni peke yake, akaketi juu ya kikapu cha mtu, akalia bila haya. Alikuwa akiwalilia wale kumi na tisa, na pia msichana mmoja wa Silibwet.

"Madam," Chepkurui akasema, "barua yangu ulisoma?"

"Barua gani?"

"Ile niliacha kwa ofisi yako Januari. Bahasha ya kaki. Mimi nilisomea ualimu, hesabu na fizikia."

Eddah akawageukia wale wengine. "Nyinyi mlijua?"

"Sisi tulijua," mama wa kukoroma akajibu.

"Na mbona hamkusema?"

"Ulituambia tukae tusikize. Si tulisikiza."

Alirudi ofisini karibu akikimbia. Bahasha ilikuwa chini ya mguu mfupi wa meza, alikoisukuma mwenyewe. Aliyeileta alikuwa na gambuti za mpira zenye matope, naye akadhani ni mtu anayetafuta kazi ya jikoni. Haikuwa imefunguliwa. Alipoivuta, meza ikainama na chai ikamwagika kwenye ratiba ya masomo, na Eddah akaona amestahili.

Asubuhi Chepkurui alifika, amevaa zile zile gambuti.

"Niliangalia miguu yako, mama, sikuangalia bahasha," Eddah akamwambia. "Nisamehe."

"Sawa, Madam. Na zile wiki mbili za kituo?"

"Wewe umezimaliza. Kidato cha nne wanangoja."

Darasani, Chepkurui akawauliza wanafunzi wamefika wapi. Wakamwambia kila mwalimu huwaacha kwenye somo la mwanga. Akachukua chaki. Kule nyuma, Eddah aliburuta kiti, akaketi kando ya dirisha, akafungua daftari jipya na kuandika tarehe.